Kuanguka Bila Kamba

4 Februari

Kiwiko, mwanangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo naitikia mapema. Huku wazima. Mama Tiketi bado amekaa pale mlangoni mwa ukumbi wetu wa sinema kwenye kigoda chake na bado hapiti mtu bure, hata ndugu zake wa damu. Anasema kwenye ile picha uliyotuma mashavu yamekuingia ndani, hivi unakula nini huko? Paka amezaa ndani ya spika mbovu, basi spika haitengenezwi mpaka watoto waanze kutembea. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Utashangaa kupata barua. Simu yangu imekuwa korofi, ikitaka inapokea, isipotaka inalia tu kama mtoto anayedeka. Ujumbe wa maandishi nao siuwezi. Vidole vyangu vinene, nagusa herufi moja zinakuja tatu. Afadhali kalamu, tumezoeana.

Ukumbi upo. Ila tumebadilisha utaratibu: siku hizi tunaonyesha picha za Kithai peke yake. Zile nyingine zinataka mtu ashike maiki awatafsirie watu kutoka mwanzo hadi mwisho, na koo langu lilinisumbua kidogo mwishoni mwa mwaka, nikaona nilipumzishe. Za Kithai hazina mambo mengi. Steringi anaonewa, anavumilia, anaonewa tena, halafu basi. Yaliyobaki ni magoti na viwiko, na hayo hayahitaji Mdomo. (Bado wananiita hivyo, Mdomo.)

Wateja wananiuliza: yule binti wa marehemu dada yako, uliyemlea humo humo nyuma ya pazia, ni kweli amepata kazi ya kuanguka kwenye sinema? Nawaitikia kwa kichwa. Hawaamini. Niandikie jinsi mnavyofanya, niwasomee wakome.

Jifunike vizuri, umezoea kulala wazi.

Mjomba wako

2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika imelowa kona moja lakini maneno yote yapo. Mimi mzima. Mashavu yameingia ndani kwa sababu ya taa za mpiga picha, mwambie Mama Tiketi ninakula kama fundi. Ninakaa na dada mmoja anayewapaka waigizaji rangi, tunamwita Dada Poda. Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, dirisha linatazama kiwanda cha mbao, kwa hiyo vumbi la mbao tunalifagia asubuhi na jioni. Ana roho nzuri. Anakoroma.

Kazi iko hivi. Tuna uwanja nyuma ya ghala, magodoro yamepangwa, maboksi matupu yamepangwa, na Kocha amesimama katikati. Kocha aliishi Thailand ujana wake wote, akianguka kwenye picha zao. Goti lake moja halikunjiki. Anatufundisha kila kitu kwa sauti ya chini: kidevu kifuani, pumzi nje kabla hujafika chini, usitangulize mkono. Jana nilimuuliza kwa nini picha zile hazikutumia kamba wala kompyuta. Akasema, "Kwa sababu mtazamaji mwenyewe hana kamba." Halafu akaniambia nipande tena.

Mjomba, nimepata kazi kubwa. Mwongozaji mmoja anatengeneza picha na anataka iwe kama zile za Kithai kabisa. Mwigizaji mkuu ni mwanamke, na kila mahali anapoanguka, ninaanguka mimi nikiwa nimevaa gauni lake jekundu na nywele zake za bandia. Kuna mruko mmoja, sisi tunauita ruko: natimka juu ya paa la soko, naruka, napasua turubai la duka, natua juu ya lori linalotembea. Mara moja, bila kamba. Nikifikiria, nacheka peke yangu.

Sasa na wewe nieleze jambo. Jumapili nilikupigia, ikapokelewa. Nikaita mjomba, mjomba, hakuna jibu. Lakini nilisikia mtu anapumua. Pumzi nzito, kama mtu aliyekimbia. Nikaigombeza hiyo pumzi sana, nikidhani ni mwizi wa simu. Ni nani huyo?

Kiwiko wako

11 Aprili

Kiwiko,

Marahaba, mama. Barua yako imechukua zaidi ya mwezi njiani, sijui ilikuwa inapita wapi kusalimia. Paka na watoto wazima. Mvua imetoboa paa upande wa wanaume, Mama Tiketi akaweka ndoo, na sasa vijana wanagombania kiti cha karibu na ndoo eti kuna baridi.

Ile pumzi ilikuwa ya mtoto wa jirani, anachezea simu yangu. Nimemkanya.

Nimewapa wateja barua yako. Fundi muashi ameishika mwenyewe akawasomea wenzake, ana sauti nzuri. Unamkumbuka? Yule anayekuja moja kwa moja kutoka kazini, saruji imemganda kwenye nyusi. Alipofika pale Kocha anaposema mtazamaji hana kamba, akaishusha karatasi. Kisha akasema, "Ndiyo maana nakuja. Wale wengine wanapigwa picha. Hawa wanafanya kazi."

Nami nimekuwa nikifikiria jambo hilo, kwa kuwa sasa nakaa kimya nikiwatazama wanaotazama. Zamani sikuwahi kuwaona, nilikuwa nabwabwaja tu kwenye maiki. Mtu akiruka katika picha hizo wanamwonyesha kutoka mbele, halafu kutoka ubavuni, halafu kutoka juu. Ruko ni moja lakini unaliona mara tatu. Mara ya kwanza ukumbi mzima unashtuka. Mara ya pili wanamkagua, kama wanatafuta kamba. Mara ya tatu wameshasadiki, na hapo ndipo wanapopiga makofi. Nadhani ni watu ambao hawajaonyeshwa mara nyingi kitu kisicho na uongo.

Lakini kwangu wewe, mwanangu, si mtu wa kwenye picha tu. Nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba vingi. Tumia kamba. Mwambie mwongozaji mjomba wako amekataa. Kama anataka kugombana na mtu, agombane na mimi. Nitakuja hata kwa miguu.

Andika upesi, kabla ya siku ya ruko lenyewe.

Mjomba wako

20 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, anaandika Dada Poda na mimi ndiye ninayesema. Nimeteguka kidole cha mkono wa kulia, kitu kidogo, kitapona. Tunaendelea vizuri. Tumehama ghorofa ya tatu, tumepata chumba cha chini, kipana zaidi, kina mlango unaotazama uani. Vumbi la mbao limekwisha.

Barua yako ya kamba ilifika tukiwa tumeshamaliza. Ruko lilikwenda vizuri. Mwongozaji alipiga mluzi. Picha inatengenezwa sasa, itatoka katikati ya mwaka.

Nilikuahidi kuja mapumziko haya, lakini sitaweza. Kuna kazi nyingine zinafuatana. Usikasirike. Na usinipigie kwanza, simu ilianguka ikapasuka kioo.

Dada Poda anakusalimu kwa mkono wake mwenyewe.

Kiwiko

17 Juni

Kiwiko, na Dada Poda unayesoma,

Marahabeni nyote wawili. Dada Poda una mwandiko wa kiserikali, herufi zimesimama kama askari. Mpe huyo binti maji ya uvuguvugu na chumvi achovye kidole, na umwambie mjomba amefurahi sana, sana, kwamba lile ruko limekwisha na yu mzima. Niliposoma nilikaa kwenye kigoda cha Mama Tiketi, na unajua hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Aliniachia.

Nimeandika kibao nje ya ukumbi: PICHA YA MTOTO WETU INAKUJA. Watoto wa mtaa wameanza kurukaruka kutoka kwenye ukuta wa kisima, nimewafukuza kwa fimbo.

Kidole kikipona, niandikie mistari miwili kwa mkono wako. Miwili tu, hata kama haina maana.

Mjomba wako

9 Agosti

Kiwiko,

Huku wazima. Sijapata jibu. Labda barua imepotea, labda kazi ni nyingi. Mwenye duka la picha anasema yako itafika mwezi ujao. Mistari miwili, mama.

Mjomba

30 Septemba

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Wazima ni wazima.

Tumeionyesha picha yako jana. Niliiweka mchana ili watoto nao waione. Ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama nje wakichungulia dirishani. Fundi muashi alikaa mbele kabisa, ameoga, nilimjua kwa shida. Kila ulipotokea kwa mgongo katika lile gauni jekundu, Mama Tiketi alipiga kelele, "Huyo! Huyo ni wetu!" Uso ukigeuka ukawa wa mwigizaji, ananyamaza. Ukigeuka tena, anaanza tena.

Likaja ruko. Kutoka mbele, kutoka ubavuni, kutoka juu. Ulipasua turubai kama kisu, ukatua juu ya lori kwa mguu na kiwiko, ukainuka unakimbia. Watu walisimama. Mwanangu, sijawahi kuona makofi ya namna ile, na nimekuwa katika ukumbi huu tangu mama yako yu hai. Fundi muashi alikuja mpaka nyuma akanipa mkono.

Halafu majina yakaanza kupanda. Unajua kwetu hakuna anayeondoka majina yakipanda. Katika picha za Kithai hapo ndipo wanapoonyesha vile vipande vilivyoharibika, watu wakikosea, wakiumia, wakibebwa, na mwongozaji wenu naye ameiga hilo. Wa kwanza aliteleza kwenye meza, akacheka. Wa pili akajigonga na mlango. Ukumbi nao unacheka.

Ukafuata wewe. Nilikujua kabla hujakimbia, kwa jinsi unavyotoa kiwiko nje. Ukatimka juu ya bati. Mguu ukateleza. Turubai hukuligusa. Ulipiga mgongo kwenye ukingo wa lori, ukaenda chini, na nywele za bandia zikatoka zikabaki juu. Watu wakacheka, mwanangu. Usiwalaumu, walikuwa wamewacheka na wale wengine. Wale wengine wote waliinua mkono kuonyesha ni wazima. Wewe hukuinua. Nikamwona mzee mmoja ambaye goti lake halikunjiki akija mbio, na picha ikakatwa, ikaonyesha mwigizaji anakunywa maji.

Kicheko kikafa. Kisha vichwa vikageuka nyuma, vyote, kunitazama mimi.

Unajua kwa nini. Miaka yote hiyo mtu akianguka katika vipande vya mwisho, ni mimi niliyekuwa nasema kwenye maiki, "Ameamka huyo! Mzima!" Hata kama hakuamka. Hata wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali mpaka nimekuambia wote wameamka. Basi walikuwa wananingoja. Fundi muashi akasema taratibu, "Mdomo, sema ameamka."

Nikashika maiki. Nikafungua kinywa.

Sasa inabidi nikuambie. Sina sauti. Mwishoni mwa mwaka jana kulionekana uvimbe kooni, wakanipasua, wakatoa kisanduku cha sauti chote. Napumua kwa tundu lililo chini ya shingo, nalifunika kwa kitambaa. Watu wa ukumbini wanajua, wamezoea, lakini nadhani jana walisahau. Hata mimi nilisahau. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa upepo. Ukumbi mzima ulisikia upepo huo, mpaka Mama Tiketi alipokuja akaniondolea maiki mkononi na kuizima.

Ile pumzi kwenye simu haikuwa ya mtoto wa jirani. Ulipoita mjomba, mjomba, nilikuwa nimeibana simu sikioni. Nilisikia yote.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja. Nilitaka uruke.

Sasa nijibu. Uliamka?

Mjomba wako

22 Oktoba

Shikamoo, mjomba.

Hapana. Sikuamka.

Mwandiko ni wangu, unaona unavyopanda na kushuka, naandika nimelala. Kidole hakikuwa na kitu. Nilishindwa tu kushika kalamu siku zile, si kwa mkono, kwa moyo.

Ruko ulilolishangilia ni la kwanza, nililipata sawasawa. Mwongozaji akasema anataka jingine, kamera ikiwa karibu zaidi. Hakunilazimisha mtu. Nilikuwa na furaha hata nikapanda ngazi nikiimba. Bati lilikuwa na maji. Mengine umeyaona. Miguu ipo, naiona pale chini ya shuka, lakini nikiiambia hainisikii. Madaktari wamesema nisiingoje. Ndiyo sababu tulihama ghorofani. Dada Poda ananiogesha, ananigeuza, anakwenda kazini, anarudi ananigeuza tena. Kocha huleta maji kila asubuhi. Anaweka ndoo kizingitini na anaondoka. Hajawahi kuingia ndani.

Mwongozaji alikuja kuuliza kama akitoe kile kipande. Nilimwambia akiache. Dada Poda alikasirika karibu anipige. Lakini mjomba, katika picha nzima uso wangu haumo. Watu watakumbuka gauni na watamkumbuka yule mwigizaji. Mahali pekee panapoonekana kwamba nilikuwepo, kwamba kulikuwa na mtu mle ndani ya gauni, ni pale nywele zinapotoka. Tena nilijua utaiona. Nikasema moyoni, basi itamwambia yenyewe, mimi sina mdomo wa kumwambia.

Sikujua kwamba na wewe huna.

Nimeisoma barua yako mpaka Dada Poda ameninyang'anya. Ninachofikiria si miguu, ni ile Jumapili. Niliigombeza pumzi yako. Niliiambia wewe mwizi, rudisha simu ya mjomba wangu, huna haya. Na wewe umeshika tu simu, unasikiliza.

Utaniuliza kama ninazichukia picha zile sasa. Dada Poda huniuliza kila siku, anataka niseme ndiyo. Siwezi. Nikifumba macho naliona lile ruko la kwanza, lile zuri. Wakati ule hewani hakuna aliyekuwa amenishika, na sikuhitaji kushikwa. Nimelia zaidi kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya miguu.

Usiseme pole. Samahani, nimeandika bila kufikiri. Dada Poda anasema hata wewe ungecheka hapo.

Sitaweza kuja nyumbani, njia ni ndefu na mgongo hauwezi kukaa. Nieleze tu daktari wako anasema nini. Usinifiche tena. Mimi sikufichi tena.

Mwanao

14 Novemba

Kiwiko wangu,

Marahaba. Nilicheka. Kicheko changu siku hizi ni mabega tu, lakini Mama Tiketi aliyaona akaniuliza nacheka nini, nikamwonyesha mstari wenyewe. Yeye hakucheka. Alikwenda kukaa nyuma ya pazia kwa muda mrefu.

Umesema nisikufiche. Uvimbe umerudi, safari hii uko chini zaidi na hawapasui tena. Daktari ni kijana mpole, aliogopa zaidi kuniambia kuliko nilivyoogopa kusikia. Akaniuliza muda huu uliobaki ningependa kuukalia wapi, kama nina nyumba, kama nina mtu. Akanipa karatasi niandike. Nikaandika: kwa binti yangu. Sikuandika mpwa, mkono wenyewe haukuandika mpwa.

Kwa hiyo nimemwachia Mama Tiketi ukumbi. Fundi muashi atamsaidia jioni, na ameziba paa. Watu walipenda picha yako iendelee, nikawaachia, lakini nimewaomba jambo moja, nimeliandika kwa chaki ukutani: kile kipande kikifika, asicheke mtu. Mama Tiketi anasema hakuna haja ya chaki. Tangu siku ile, ukifika wewe, wanaume wanavua kofia.

Najua hatutafaana sana kwa kazi. Mimi siwezi kunyanyua kizito na wewe huwezi kusimama. Dada Poda atakuwa na wagonjwa wawili na mmoja hata hawezi kushukuru. Mwambie nitafagia. Mwambie nalala popote, hata kizingitini pale kwenye ndoo ya Kocha, na huyo Kocha nitamshika mkono nimwingize ndani, maana mtu asiyeingia hajui atatokaje. Wewe utanisomea mambo, mimi nitakugeuza kitandani nikiwa bado na nguvu. Jioni tutaweka picha moja ya Kithai, yoyote, na mara hii utasema wewe. Ukitaka waamke wote, waamshe.

Naondoka kesho kutwa, barua hii nimempa dereva wa basi la leo ikutangulie. Sijui nitafika siku gani, mabasi ni matatu na mimi si mwepesi. Nimebeba nguo chache na vitambaa vya shingo. Mlango ukigongwa na husikii mtu akipiga hodi, usiogope, usidhani ni mwizi. Ni mimi. Nikaribishe kwa sauti kubwa, nitakuwa nimesimama nje nikisikiliza.

Mjomba wako